Mikato Ishirini Kwenye Mti wa Jozi

Raya, mwanangu,

Barua ya msafiri huanza kwa kumwombea njia nyeupe. Hii haianzi hivyo, kwa sababu sitaki usafiri. Nimeshindwa kukwambia kwa mdomo wiki tatu nzima, na kesho alfajiri ndiyo safari, basi nakuandikia. Isome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Wewe na mamako mmekwenda soko la Al Ras kununua bizari na ubani wa safari. Mamako anaamini huko uendako hakuna bizari. Habari za kula, kuvaa na kupiga simu keshakuhutubia yeye, mimi sina la kuongeza. Nimekaa kwenye meza ya chakula, dirisha liko mkono wangu wa kushoto, na kule chini kwenye maegesho lile gari jeupe bado lipo. Leo siku ya pili. Injini haizimwi. Asubuhi mamako alimpelekea dereva chai ya maziwa na mandazi, maana kwetu mtu hakai mlangoni kwako na njaa. Alirudi akisema, "Mtu mpole, lakini kioo kakifungua kiganja kimoja tu, kikombe kimepita kwa shida." Akacheka. Mimi sikucheka.

Bwana Mahfudhi, mwenye gari hilo na safari hii, kakwambia kazi ni ya makumbusho. Zipo bunduki za kale za jeshi, za vita vya mababu, zimeliwa na kutu na mchwa, na wanataka fundi wa kuzirudishia uzima na kuzifanya zilenge sawasawa. Hapo ulijiuliza, najua ulijiuliza: makumbusho gani yanayotaka bunduki ilenge? Bunduki ya kwenye kabati la kioo hailengi chochote. Lakini ulinitazama mimi, ukaona sishtuki, ukatulia. Jina la mji hujaambiwa mpaka leo. Pasi yako anayo yeye. Jana nilimfuata hotelini kwake nikamwomba anirudishie, nikasingizia nataka kutoa nakala. Akaniwekea mkono begani.

"Fundi, una haraka gani? Atapewa asubuhi, ndani ya gari, inshallah."

Mkono wake ulikuwa baridi kwa sababu ya AC, wala si jambo kubwa hilo. Lakini niliuhisi mpaka nilipofika nyumbani.

Unakumbuka Ijumaa ile, tunakula, ukaniuliza, "Baba, huyu Bwana Mahfudhi unamjua vizuri? Mtu wa namna gani?" Nikakujibu, "Mteja wa zamani." Mamako akaongeza wali kwenye sahani yako na mazungumzo yakaishia hapo. Sasa nakujibu swali lako, na ili nikujibu inabidi nianze na mimi.

Nilifika mji huu seremala, na seremala wa milango hasa. Bunduki nilikutana nazo kwa bahati, nzuri au mbaya sijui tena. Marehemu arbab, yaani tajiri aliyenidhamini viza, alikuwa na bunduki ya babu yake, ya Mwingereza, mbao yake imepasuka kuanzia kitako mpaka katikati. Mafundi wa chuma walimwambia atafute mbao mpya. Mimi nilikuwa namtilia fremu ya mlango, nikaiona imeegemezwa ukutani, nikasema, "Arbab, hii inaungika."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Yalla, unga. Ukiiharibu, khalas, unarudi kwenu."

Niliiunga kwa siku nne. Alipoipokea aliipitishia kidole, akautafuta mshono asiuone, akaibusu ile mbao, kisha akanibusu mimi kichwani. Tangu siku ile sikutia mlango wa mtu tena. Akanifungulia karakana yenye kibali, kila bunduki na karatasi yake, na mimi nikajifunza na upande wa chuma kidogo kidogo kutoka kwa mzee mmoja wa Peshawar aliyekuwa akinitukana kwa Kiurdu mpaka nikaanza kuyaelewa matusi. Wazee wa Kiarabu wakaleta bunduki za baba zao. Nyengine za kurusha na kudaka harusini, nyengine za kushindania shabaha jangwani wakati wa baridi.

Nakwambia haya ili ujue nilivyokuwa na kiburi. Ule msemo wangu unaoukariri mpaka leo, kwamba bunduki kuukuu haikosi shabaha kwa uzee bali kuna mahali inabanwa, sikuusoma popote. Niliuokota mwenyewe. Mbao ya jozi, mti unaochongwa vitako vya bunduki, imekaa miaka kwenye chumba cha AC, ikitolewa nje mwezi wa nane inakunywa ule unyevu, inavimba, inausukuma mtutu upande mmoja, na mpigaji analaumu jicho lake. Mafundi wa chuma walihangaika na mtutu. Mimi niliiuliza mbao kwanza. Nilikuwa naikausha polepole, naipumzisha, naipunguza unywele kwa unywele mpaka mtutu ulale bila kubanwa. Arbab akaanza kushinda kila mwaka, na mimi nikaanza kutembea kifua mbele.

Ndipo akaja Bwana Mahfudhi. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umeanza skuli. Alikuwa na karatasi zake zote na mihuri, anaongea Kiswahili kitamu kuliko changu, anamletea arbab tende na asali, na alileta bunduki moja tu. Kipembe cha chini cha kitako kilikuwa kimemeguka, na bunduki yenyewe ilitawanya risasi kama mpandaji mahindi aliyelewa. Akasema ni ya urithi. Nikakitia kitako kiraka cha jozi. Unajua nilivyokuwa navichagua viraka. Nilitafuta wiki mbili kipande ambacho nyuzi zake zingekutana na nyuzi za kale, na nilipokipata nikakitia kwa namna ambayo ni mimi tu ninayejua kimeanzia wapi. Halafu nikaishughulikia mbao iliyobaki, nikausawazisha mdomo wa mtutu uliokuwa umelika kwa kusafishwa vibaya.

Tulikwenda jangwani kuijaribu. Akapiga risasi tano. Arbab alichukua finjani aliyokuwa akinywea kahawa, akaiweka juu ya karatasi ya shabaha, na matundu yote matano yakafunikwa. Bwana Mahfudhi hakushangilia. Aliitazama ile finjani, kisha akaniambia polepole, "Fundi, wewe hujui ulichonipa." Nilidhani ni sifa. Usiku ule nilimsimulia mamako mara tatu.

Ulipokuwa darasa la nne akairudisha.

Ilikuwa imechoka. Tope limeingia kwenye kila ufa, mkanda umekatika na kufungwa kamba. Na upande wa kushoto wa kitako, mahali mkanda unapofunika, kulikuwa na mikato. Midogo, imepangwa safu moja, ya kisu. Nikaihesabu: kumi na moja. Mtu mwengine angeona michubuko. Mimi ni seremala, Raya. Mbao iliyokatwa zamani hugeuka rangi, hushika jasho na mafuta ya mkono. Iliyokatwa karibuni bado ni nyeupe ndani. Hiyo mikato kumi na moja haikukatwa siku moja. Wa kwanza ulikuwa mweusi kabisa. Wa mwisho ulikuwa bado unanukia mbao.

Nikamuuliza, "Bwana Mahfudhi, hii nini?"

"Ah, vijana wa kule. Wanachezea visu. Ifute tu, fundi, inanitia haya mbele ya watu."

Nikaendelea kuigeuza bunduki mikononi. Yeye akaniona, na nafikiri ilimfurahisha. Akainama karibu na sikio langu kama anayetaka kunipa siri ya harusi.

"Lakini ujue, kabla hujaitengeneza wewe, haikuwa na hata mmoja."

Kisha akatoka nje kunywa kahawa na arbab. Nikawasikia wakicheka.

Sasa nikwambie nilichokifanya, kwa sababu hilo ndilo linalonichoma, wala si yeye. Ningeweza kuiweka bunduki mezani na kusema siigusi. Ningeweza kumfuata arbab. Marehemu alikuwa mkali lakini alikuwa anamcha Mungu, na sina hakika kuwa alijua. Mimi nilivaa miwani ya mbao. Nilijiambia viza yangu iko mikononi mwa arbab, nilijiambia una skuli, nilijiambia labda kweli ni vijana na visu vyao. Nikachukua unga wa jozi niliousaga mwenyewe kwa msasa, nikaukanda na gundi, nikaujaza mkato mmoja mmoja. Nikausubiri ukauke. Nikasugua. Nikapaka mafuta ya kitani mara saba, kwa siku saba. Na siku ya saba nilipoinyanyua kwenye mwanga na kuona hakuna kitu, unajua nilihisi nini? Nilifurahi. Nilifurahi kwa kazi safi. Mungu anisamehe, nilitaka kumwita mtu aje aone.

Halafu, kabla ya kumkabidhi, nikaiangalia tena ile mbao ya mbele, nikaona imeanza kubana mtutu kidogo upande wa kulia. Hakuniomba. Nikairekebisha. Moyo haukunipa kuitoa ikiwa na kasoro.

Kwa hivyo ukinisikia usiku nimekaa jikoni na maji ya moto, mamako akakwambia ni tumbo, sasa unajua. Sikuwahi kumwambia hata yeye. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai, nami nimeuficha miaka hii yote, na sasa naona nilikuwa nikiukuza humu ndani mpaka ukakufikia wewe.

Maana yule mtu hakuja tena kwangu. Alijua nimechoka, macho yangu yanahitaji miwani miwili. Arbab alifariki, mwanawe hapendi bunduki, anapenda magari, na karakana sasa ni kwa ajili ya bunduki za harusi tu. Bwana Mahfudhi alikuja kwako. Alikukuta kule Silicon Oasis, ofisini kwenu, unachora vyuma kwenye kompyuta na kuchoka na kila madam na sir anayekutuma chai wakati wewe ndiye mwenye shahada. Akakwambia amesikia Jumamosi unakaa karakanani kwa babako na mkono wako umeshampita. Uliporudi nyumbani na habari ile uso wako ulikuwa unang'aa. Miaka yote nilikuwa nakusubiri uniambie unaupenda ufundi huu, na siku uliyoniambia ndiyo siku niliyoogopa.

Akakupa jaribio. Mbao tupu, haina chuma chochote, imefungwa kwenye taulo. "Ukiiweka sawa hii, kazi yako." Ukaileta karakanani, ukaifungua kwenye meza yangu, nikaona kiraka.

Sikuhitaji kukitafuta. Mtu huujua mkono wake hata gizani. Nikaigeuza upande wa kushoto, nikaiinamisha kwenye taa, na ile safu yangu ya kumi na moja ilikuwa pale, imelala chini ya mafuta yangu, imetulia. Ukaniuliza, "Baba, unaona nini?" Nikasema, "Mbao nzuri." Halafu wewe ukaigeuza upande wa kulia, na kule kulikuwa na safu nyengine. Mipya. Tisa.

Bwana Mahfudhi alikwambia chuma cha gari kiliikwaruza safarini. Wewe si mjinga. Uliweka rula, ukapima, ukavua miwani, ukaniita. Nakumbuka neno kwa neno.

"Baba, hebu njoo. Mbona imelingana hivi? Kila mmoja urefu ule ule, na nafasi ile ile."

Nikaja, nikaangalia kama naangalia kitu nisichokijua.

"Chuma cha gari kina meno," nikakwambia. "Gari likitikisika, meno yanauma mahali pamoja."

Ukaniamini, kwa sababu mimi ni babako na kwa sababu mimi ni fundi. Ukasaga unga wa jozi kama nilivyokufundisha. Ukaijaza. Siku ya saba ukainyanyua kwenye mwanga, ukaniita nije nione, na mimi nikaja na nikakwambia, "Kazi safi." Ndiyo maana nikasema usikasirike kabla ya mwisho. Hapa ndipo pa kukasirika.

Sijui bunduki ile imekaa nchi gani. Sijui waliosimama mbele yake walikuwa akina nani, wachungaji, askari, watu wa sokoni. Nimewaza sana na kila nikiwaza nawapa nyuso za watu ninaowajua, jambo ambalo si haki, lakini ndivyo inavyokuja. Nilichonacho hakika ni kwamba bunduki hiyo ilikuwa imekwisha, imekosa kazi, inatupa risasi ovyo mchangani, na mimi ndiye niliyeifufua. Na huko anakotaka kukupeleka ziko nyingi, mwenyewe alikutajia kwa majivuno: makasha na makasha. Kila moja ina mahali inapobanwa. Na wewe una jicho la kupaona.

Sikuandikii ili uache ufundi. Ufundi huu una heshima zake. Niliwahi kumuona mzee wa miaka themanini akilia kwa kuishika tena bunduki ya babake, akairusha juu harusini kwa mjukuu wake na kuidaka mbele ya watu wote. Hiyo pia ni kazi ya mikono yangu na siionei haya. Ila nimejifunza, na nimechelewa, kwamba kazi inaweza kuwa safi na bado mtu akalala macho.

Leo mlipotoka tu nilishuka karakanani nikarudi na patasi ile nyembamba, yenye mpini uliouchonga wewe. Mbao unayotakiwa kusafiri nayo ilikuwa chumbani kwako, nikaifungua taulo yake. Nilianza upande wangu. Gundi ya zamani ni ngumu, ilinichukua karibu saa nzima, na patasi iliteleza mara mbili, utaona nilipokwaruza. Kisha nikageuza upande wako. Nisamehe kwa kuiharibu kazi yako. Yote iko wazi sasa, kushoto kumi na moja, kulia tisa.

Ningeweza kwenda nayo polisi papo hapo. Nimeisubirisha kwa ajili yako, ili uipitishie kidole kwanza, maana najua ukiambiwa tu utasema baba kazeeka, baba ana wivu, baba hataki nitoke. Ukishaigusa nitaichukua, leo leo, kabla isha haijafika, nitakwenda nayo kituoni na kusema yote tangu ile finjani. Yangu nitayasema kwa jina langu. Pasi nitawaambia ilipo. Na ikipotea, hutolewa nyengine. Wataniuliza mikato ya kulia ilijazwa na nani. Nitasema ilijazwa na mtu aliyedanganywa na babake. Huenda wakanifunga. Huenda wakanirudisha nyumbani, na mwana wa arbab hatanyanyua hata simu. Basi huenda kati yetu mimi ndiye msafiri, na bizari ya mamako itakuwa yangu.

Siwezi kukufungia mlango. Una miaka ishirini na nne, na pengine utashuka uingie kwenye lile gari kwa hasira tu ya kufichwa. Ukifanya hivyo sitakuwa na la kusema, kwa kuwa nafasi ya kusema nilikuwa nayo na nikaijaza unga wa mbao. Lakini nakuomba, Raya. Sijawahi kukuomba kitu.

Nimesimama dirishani kidogo. Teksi yenu imefika. Mamako anashusha mifuko, kama kawaida kanunua mara tatu ya alichokusudia. Dereva wa gari jeupe ametoka nje, mara ya kwanza siku mbili hizi. Ni mrefu kuliko nilivyodhani. Amemwamkia mamako kwa kuinama, ameuchukua mfuko mzito, wewe unamshukuru. Hakurudi garini. Mnaingia naye lifti.

Mbao iko kitandani kwako, ndani ya taulo, barua naisukuma chini yake. Mlango nitaufungua mimi, na nitamshika mgeni kwa maneno sebuleni mpaka koo likauke. Wewe nitakutuma moja kwa moja chumbani, na nitakwambia ufunge kwa ndani.

Uliniuliza mbona imelingana. Imelingana kwa sababu aliyeikata hakuwa na haraka, na kila alipoikata, yule aliyemlenga alikuwa keshaanguka.

Babako